Angalia mikono kwanza

(Haya niliyaongea ukumbini parokiani Jumapili baada ya misa ya pili. Wengi mmeomba niyaandike, nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema, na pale nilipokuwa naonyesha picha kwa projekta nimeeleza kidogo ili ambae hakuwepo nae aone.)

Tumsifu Yesu Kristo! Baba Paroko, wazee wangu, mama zangu wa WAWATA, umoja wetu wa wanawake Wakatoliki, vijana, na ndugu zetu Walutheri mliokuja kutusikiliza, Bwana Yesu asifiwe na nyinyi. Asanteni kwa kubaki, najua jua ni kali na wengine mnarudi mbali, Mbagala, Kimara, sitawaweka sana.

Mnanijua mimi ni fundi fremu, niko Kariakoo miaka 19 sasa, nakata mbao, nakata vioo, na katika hiyo miaka picha za dini zilizopita mikononi mwangu siwezi kuzihesabu. Lakini kilichonileta hapa mbele ni lile bango letu la Huruma ya Mungu. Mnalikumbuka, Ijumaa Kuu novena, ile sala ya siku tisa, inaanza, bango limetundikwa, kubwa, zuri, Yesu amesimama na miale yake miwili, chini imeandikwa Yesu nakutumainia, watu tukapiga picha tukarusha kwenye grupu la jumuiya na hakuna aliyeona kitu. Siku ya tatu bibi mmoja wa jumuiya yetu, na macho yenyewe anasumbuliwa na mtoto wa jicho, akanivuta shati akaniuliza taratibu, "Mwanangu, mbona Yesu anatubariki kwa mkono wa kushoto?"

Nikageuka nikaangalia. Kweli! Aliyetengeneza kwenye kompyuta aliigeuza picha ili apate nafasi ya maneno upande mmoja, alafu maneno akayaandika baada ya kugeuza, kwahiyo maandishi yanasomeka vizuri kabisa na sisi wote tukaamini na picha iko vizuri. Mkono wa baraka umekuwa wa kushoto, na miale imebadilishana, ule mwekundu wa damu umekaa upande wa ule mweupe wa maji. Picha ya kwanza kabisa ya Huruma ilichorwa Vilnius mwaka 1934 na mchoraji Eugeniusz Kazimirowski, Sista Faustina, yule mtawa aliyemwona Yesu hivyo kwenye maono, mwenyewe akimwelekeza, mkono wa kulia umeinuliwa unabariki, wa kushoto unagusa vazi kifuani, na miale inatoka hapo. Kila kitu kilipangwa. Sisi tukakigeuza kwa kubonyeza mara moja.

Bibi hajasomea sanaa. Ila amekua kwenye nyumba ambayo ukimpa mtu mzima kitu kwa mkono wa kushoto unarudishwa, unaambiwa lete kwa mkono wa kula. Na kila Jumapili kwenye Kanuni ya Imani anasema kuume kwa Mungu Baba, na anamaanisha. Kwahiyo yeye akiona picha anaanza na mikono. Na mimi leo ndio hilo tu nataka kuwaambia, kwamba hizi picha, hasa zile za zamani za kuchongwa, ukitaka kuzisoma anza na mikono, uso baadae.

Nieleze kwanza zinavyotengenezwa maana bila hapo hatutaelewana. Kabla ya kamera, mtu akitaka picha ya Mtakatifu Antoni iingie nyumba mia tano kulikuwa na njia ya kuchonga ubao, au hii ya bamba la shaba nyekundu. Fundi anachukua bamba limesuguliwa mpaka unajiona, anachimba mistari kwa kalamu ya chuma yenye ncha kali, mistari mingine myembamba kuliko unywele, akimaliza anapaka wino bamba zima, anaufuta wa juu wote mpaka unabaki ule ulioingia kwenye mistari, analaza karatasi yenye unyevu, anapitisha kati ya magogo mawili ya mashine yanayobana sana, karatasi inasukumwa ndani ya mistari inanyonya wino. Wale mliotembea Bagamoyo au Unguja mkaona milango ya nakshi, ni kazi ya undugu na ile, ila huku nakshi inapigwa chapa kwenye karatasi.

Sasa chapa inageuza. Nendeni kwa mafundi mihuri mjini mkawaangalie, jina lako analichonga kinyume ili likigongwa lisomeke. Na fundi wa zamani ndio alikuwa na mtihani huo. Anawekewa mbele mchoro wa mchoraji mkubwa, Yesu anabariki kwa kulia, akiuchonga kama anavyouona, karatasi ikitoka Yesu anabariki kwa kushoto. Walio makini waliweka kioo, wakawa wanachonga kile wanachokiona kwenye kioo. Wenye haraka, na wale waliokuwa wanakopi kazi za wenzao wauze sokoni, waliacha hivyo hivyo, ndio maana printi za zamani zilizogeuka zipo nyingi. Kwahiyo yule kijana wa kompyuta tusimlaumu kupita kiasi, kosa lake lina miaka mia tano. Ila lilikuwa kosa wakati ule na ni kosa leo.

Kuna sehemu nyingine ya kukagua, ubavu. Kidonda cha mkuki wachoraji kwa karne nyingi wamekiweka ubavu wa kulia wa Yesu, ingawa moyo wa mtu umeegemea kushoto. Hawakukosea. Walikuwa wanafikiria Ezekieli 47, maji yanayotoka upande wa kuume wa hekalu, yale tunayoimba Pasaka padri akitunyunyizia. Ukikuta kidonda kushoto jiulize kwanza, imegeuzwa hii?

Jambo la pili, hizi picha hazina rangi. Ni nyeusi na nyeupe basi. Mchoraji wa rangi akitaka ujue huyu ni Mama Maria anampa vazi la buluu umemaliza, huyu wa shaba hana buluu! Ana mistari tu, kwahiyo uzito wote unaangukia kwenye mikono, na kwenye kile kilichoshikwa, na kwenye mwanga. Kwangu mimi umaskini huo wa rangi ndio uliozipa hizi picha nguvu, kwasababu kila kidole kinabidi kiseme kitu.

Tuangalie vidole basi. Inueni mkono wa kulia, wote, na watoto. Dole gumba, cha shahada na cha kati visimame, viwili vya mwisho vikunjeni. Hiyo ni baraka ya kanisa la magharibi, ishara ambayo mizizi yake ni kwa wasemaji wa Roma ya kale walioinua vidole kuashiria naanza kuongea, nisikilizeni, Wakristo wakaichukua wakaipa maana yao, vitatu ni Utatu na viwili ni asili mbili za Kristo, Mungu na mtu. Wagiriki wao walifanya kitu kizuri zaidi, vidole vyao vinaandika. Cha shahada kimenyooka, ni I. Cha kati kimepinda, ni C. Gumba linakatiza kidole cha pete, ni X. Kidogo kimepinda, C nyingine. IC XC, kifupisho cha Yesu Kristo kwa Kigiriki. Yaani anayebariki anaandika jina hewani, ukiona vidole hivyo kwenye ikoni, zile picha takatifu za makanisa ya mashariki, mtu hana kibiongo cha mkono, unasomewa jina.

Na msidhani ni mambo madogo. Urusi Wakristo walikuwa wanafanya ishara ya msalaba kwa vidole viwili, Patriaki Nikon, mkuu wa kanisa lao, kuanzia 1653 akaagiza viwe vitatu, kanisa likapasuka. Kuhani Avvakum alikataa, akafungwa miaka mingi na mwaka 1682 akachomwa moto, na wanaofuata vidole viwili wapo mpaka leo. Sisemi nani alikuwa sahihi, nasema kuna watu walikubali kufa kwa ajili ya kile sisi tunachofanya haraka haraka mlangoni tukichovya maji ya baraka.

Mikono iliyofumbatwa, viganja vimegusana, hiyo mnaijua mpaka kwenye stika za daladala na bajaji. Ile ya stika asili yake ni mchoro wa Albrecht Dürer, Mjerumani wa Nuremberg, aliuchora 1508 kwa brashi kwenye karatasi ya buluu, ilikuwa mazoezi tu ya mikono ya mtume mmoja kwenye picha ya altare. Picha yenyewe kubwa iliungua moto 1729, mazoezi yakabaki, yapo Vienna, na yakazunguka dunia mpaka Gongo la Mboto. Lakini Wakristo wa kwanza hawakusali hivyo, kwenye makaburi ya chini ya ardhi kule Roma wamechorwa wameinua mikono wazi kama padri anavyofanya altareni. Kufumbata kulienea baadae, na wengi wanakuhusisha na kiapo cha utii, mtu anaweka mikono yake ndani ya mikono ya bwana wake. Mliowahi kuhudhuria upadrisho mmekiona kile kitendo kwa macho yenu, shemasi anapiga magoti mbele ya askofu, anaingiza mikono yake kati ya mikono ya askofu na anaahidi utii. Siku nyingine mkiona wanakwaya wamefumbata mikono mkumbuke na hilo, ni mtu amejikabidhi.

Alafu kuna kushika tama. Hii sisi Waswahili hatuhitaji kufundishwa na mtu, mtoto akikaa ameshika tama bibi anamfokea, toa mkono shavuni unatuitia msiba! Dürer mwaka 1511 alitoa kijitabu cha mateso ya Bwana, picha za kuchonga kwenye ubao, na kwenye jalada kamuweka Yesu peke yake amekaa, taji la miiba kichwani, ameshika tama. Hakuna askari, hakuna umati. Nilipoiona mara ya kwanza nilikaa nayo muda mrefu dukani, wateja wananiita siitiki. Kwenye ikoni za Kuzaliwa pia mtafuteni Yosefu, mara nyingi kakaa pembeni kashika tama, na Yohane chini ya msalaba nae mkono uko shavuni. Ishara ni moja, Nuremberg mpaka Manzese.

Kupiga kifua nako. Kila misa tunasema nimekosa mimi, nimekosa mimi, nimekosa sana, mkono unagonga. Mtakatifu Yeronimo kwenye printi za jangwani ameshika jiwe mkononi, ni kwa ajili ya kifua chake mwenyewe. Sasa Yeronimo naomba nikae nae kidogo kwasababu ndio printi ninayoipenda, Dürer tena, mwaka 1514, bamba lenyewe dogo, kama sentimita 25 kwa 19, daftari la shule linakaribia. Mzee amekaa chumbani anaandika, jua linaingia kwenye madirisha ya vioo vya mviringo, chini simba na mbwa wamelala wote wawili kama ndugu. Simba kwasababu hadithi inasema alimtoa mwiba mguuni. Ukutani inaning'inia kofia ya kadinali, na zamani zake, karne ya nne, kofia hizo hazikuwepo, ila alikuwa katibu wa Papa Damaso kwahiyo wachoraji wakamvalisha cheo kwa lugha ya wakati wao. Darini kunaning'inia kibuyu kikubwa, wengi wanakiunganisha na ule mmea wa Yona, kwenye Biblia zetu wengine tunasoma mtango, ambao Yeronimo alipotafsiri Kilatini aliuita jina lingine na akabishana kwa barua na Mtakatifu Agostino. Dirishani fuvu. Kwenye kona ya meza msalaba mdogo. Niliweka rula kwenye printi yangu, kutoka kichwa cha mzee kupitia msalabani, ikafika kwenye fuvu. Kati ya yeye na kifo amesimamisha msalaba, na hakusema neno, anaendelea kuandika.

Vitu vinavyoshikwa vingine mnavijua nisipoteze muda, Petro funguo, Paulo upanga uliomkata kichwa, Katarina gurudumu, Lorenzo chanja la chuma, Lusia macho kwenye sahani, Bartolomayo kisu. Ila tawi la mtende nilitaje, kwasababu juzi kijana mmoja aliniletea picha ya Mashahidi wa Uganda niitie fremu akaniuliza hawa ni Jumapili ya Matawi? Hapana. Ufunuo 7, umati wenye mavazi meupe na matawi ya mitende mikononi, hilo ni tawi la ushindi la aliyeuawa kwa imani. Karoli Lwanga na wenzake, Namugongo 1886, wametangazwa watakatifu 1964, wakishika tawi wanasema tumeshinda.

Ndugu Walutheri msidhani nimewasahau. Lucas Cranach wa Wittenberg, rafiki wa Martin Luther, alimchonga kwenye shaba mwaka 1520, bado mmonaki, kipara cha utawa kichwani, na kwenye bamba mojawapo kuna kitabu kimefunguliwa na mkono umeinuka kama mtu aliye katikati ya sentensi. Mkono na kitabu, basi, hana funguo hana gurudumu. Mwaka uliofuata Hans Baldung Grien akatoa ya ubao, Luther ana miale kichwani na njiwa juu yake, alama za mtakatifu kabisa, na balozi wa Papa aliyekuwa Worms, mji wa Ujerumani Luther alikoitwa kuhojiwa, Aleander, aliandika kwa uchungu kwamba watu wanazinunua picha kama hizo na kuzibusu. Maneno yalikuwa yanagombana na picha nazo zinagombana.

Na zilisafiri. Wajesuiti, watawa wa Shirika la Yesu, walibeba picha za kuchapwa kwenda India, China, na Ethiopia hapa jirani. Huko Ethiopia ilifika nakala ya picha ya Mama Maria iliyoko Santa Maria Maggiore, Roma, Mama amekatisha mikono mbele ya Mtoto, kushoto ameshika kitambaa, kulia vidole viwili vimenyooka. Miaka ya 1630 Wajesuiti wakafukuzwa. Vidole vikabaki! Wachoraji wa Ethiopia waliendelea kumchora Maria kwa macho yao makubwa, rangi zao, nguo zao, lakini vile vidole viwili na kile kitambaa havikutoka mpaka leo. Mimi hili linanigusa sana, mtu kafukuzwa na mafundisho yake kakataliwa, lakini mkono wa Mama ulipokelewa.

Nimalizie na hii niliyoileta, nakala yake, ipo pale mezani. Inaitwa Uso Mtakatifu, ya Claude Mellan, Mfaransa, mwaka 1649. Ni kile kitambaa cha Veronika, kituo cha sita cha Njia ya Msalaba. Nimeongea mikono, mikono, mikono, na hapa haipo hata mmoja, Veronika hayupo, ni uso tu, miiba na matone ya damu. Lakini sogeeni karibu. Uso wote, ndevu, macho, kivuli cha shavu, umechorwa kwa mstari mmoja. Mmoja! Unaanzia ncha ya pua unazunguka, unazunguka kama mkeka wa duara unavyoshonwa kuanzia katikati, mpaka unafika pembeni bila kukatika, panapotakiwa giza mstari unanenepa, panapotakiwa mwanga unakonda. Na mafundi wa shaba wakichonga mstari wa kupinda, mkono wenye kalamu unatulia, bamba ndio linazungushwa juu ya mto wa ngozi. Chini kaandika kwa Kilatini maneno ya kusema wa pekee ameumbwa kwa mmoja, hakuna mwingine, na huyo mmoja unaweza kusoma ni mstari, unaweza kusoma ni Bikira aliyemzaa.

Lenzi ninayo hii moja, tupokezane. Mkishika karatasi shikeni pembeni, jasho la vidole linaacha doa. Anzieni kwenye ncha ya pua mfuate mstari pole pole, msirukie. Watoto wapite mbele. Bibi, naomba uanze wewe.